Jalada la Simu ya Mwalimu Projestus

Mwalimu Projestus Kaijage alifungua jalada kwa ajili ya simu yake. Sikutanii. Jalada kabisa, lile la karatasi ngumu rangi ya kaki, lenye kamba ya kijani kwenye kona, na juu yake kaandika kwa wino mweusi: "Yah: Kuapdeti au kutoapdeti simu." Aliliweka mezani sebuleni kwake Goba, akanisogezea kwa vidole viwili, akasema, "Mama Rosalia, soma ukurasa wa kwanza mpaka wa sita, halafu utoe maoni yako kwa maandishi."

Mie nilikuwa nimeenda kumpima joho la Pentekoste. Ni fundi cherehani, nguo zote za kwaya ya kigango chetu nashona mie, na kwenye kwaya hiyohiyo naimba sauti ya pili. Nikaweka futi yangu shingoni, nikakaa, nikasoma. Utafanyaje? Mwalimu wa kwaya akikwambia soma, unasoma.

Lazima umwelewe kwanza. Projestus ni karani wa masjala. Miaka thelathini na moja anatunza majalada kwenye ofisi moja ya serikali huko mjini, na kwake yeye jambo lisilo na jalada bado halijatokea. Simu yake ilikuwa inamletea ujumbe kila asubuhi kwamba kuna toleo jipya la mfumo, yaani ile programu kubwa inayoiendesha simu yenyewe, na chini ya ujumbe kuna sehemu mbili za kubonyeza: "Sakinisha sasa" na "Nikumbushe baadaye". Alikuwa amebonyeza "baadaye" kwa miezi kumi na minne. Simu inamkumbusha, naye anaiambia baadaye, kwa heshima zote, kama anavyowafanyia watu ofisini.

Ndani ya jalada mlikuwa na maoni ya mzee Albano, kiongozi wa besi, kwamba simu ya shemeji yake iliapdetiwa ikaanza kula chaji mpaka ikawa inalala kwenye waya. Mlikuwa na maoni ya Vaileth wa sauti ya kwanza, kwamba yake ilipona ikawa nyepesi kuliko mwanzo. Halafu kulikuwa na dokezo Projestus alilomwandikia Projestus: "Rejea maoni hapo juu. Naomba muda zaidi wa kutafakari." Chini yake, kwa wino mwekundu, Projestus akamjibu Projestus: "Nimekubali."

Nilicheka mpaka mkewe, dada Clara, akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

"Usicheke, Mama Rosalia," Projestus akasema. "Hili suala ni zito."

Na kweli lilikuwa zito, ila uzito wake haukuwa umeandikwa mle jaladani. Uzito ulikuwa ndani ya simu. Mlikuwa na nyimbo mia tatu na arobaini.

Wengine wakitunga wimbo wa kanisani wanakaa na kalamu na karatasi, wanaandika nota. Projestus anaimba kwenye simu. Wimbo ukimjia, popote alipo, anaingia pembeni, anabonyeza kinasa sauti, anaimba. Akifika nyumbani anajifungia kwenye chumba cha wageni, ambacho tangu nyumba ijengwe hakijapigwa plasta wala hakijamwona mgeni, kwa sababu kina mwangwi mzuri. Humo anaimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine. Mwanamume wa miaka hamsini na saba anaimba sauti ya kwanza kwa kubana koo, juu kabisa huko. Kuna jirani mpya aliwahi kumuuliza dada Clara kama wana mgonjwa.

Akimaliza anazituma kwenye grupu la kwaya. Sie tumetawanyika, wengine tunakaa Goba, wengine Tegeta, kuna wawili wanatoka Kibamba, na kwa foleni za jiji hili mtu ukimwambia aje mazoezini mara nne kwa wiki atahama kwaya, pengine na dhehebu. Kwa hiyo kila mtu anasikiliza sauti yake kwenye simu, anapika huku anaimba, anadeki huku anaimba, na Jumatano tukikutana wimbo tayari unajulikana. Kwaya yetu inasifiwa kigango kizima kwa kushika nyimbo haraka.

Nota je? Ukimuuliza nota, Projestus anagonga paji la uso kwa kidole, anasema, "Ziko hapa. Karatasi inaua wimbo." Lakini mazoezini anasimama mbele na karatasi mkononi, imekunjwa mara mbili, na anaitupia jicho kila baada ya ubeti. Jumatano moja ilimdondoka miguuni kwangu. Nikaiokota. Ilikuwa na mwandiko wake mzuri wa masjala: misumari ya inchi nne kilo tatu, mbao za kenchi, chokaa. Nikamrudishia ikiwa imekunjwa vilevile, na sikumwambia mtu.

Hajui nota, baba wa watu. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa kwao Bukoba, mwalimu wao wa kwaya alihamishwa ghafla, wakamwambia, "Projestus, we una sikio, shikilia shikilia kidogo." Akashikilia. Hakuna aliyemuuliza kama anasoma nota, na yeye hakusema. Baada ya mwaka wakaanza kumwita Mwalimu. Ukishaitwa Mwalimu, utamuuliza nani do iko wapi? Akaja Dar akiwa Mwalimu tayari, na tangu hapo amekuwa analibeba jambo hilo peke yake.

Basi mwezi wa tatu ukaja ujumbe mwingine, na huu haukuwa na "baadaye". Ulisema simu zenye mfumo wa zamani namna ile hazitapokea tena magrupu kuanzia mwezi wa tano. Maana yake hakuna kutuma sauti, na bila kutuma sauti Projestus hana namna ya kufundisha. Akabonyeza "Sakinisha sasa". Simu ikamjibu kwamba nafasi haitoshi, afute baadhi ya vitu kwanza.

Kitu cha kufuta kilikuwa ni nyimbo. Ndipo alipofungua jalada.

Sasa mie nikamwambia jambo ambalo hata wewe ungemwambia. "Mwalimu, si uzihamishe? Peleka kwa Praygod."

Praygod ni fundi simu, ana kibanda chake pale stendi. Tulienda wote. Projestus aliishika simu kwa mikono miwili njia nzima. Praygod akamwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akaitazama simu, akasema kazi ya nusu saa tu. Ananyonya kila kitu anakiweka kwenye kompyuta, anaapdeti, anakirudisha.

"Utajuaje kama vimeingia salama?" Projestus akauliza.

"Navifungulia mzee, navisikiliza."

"Unavisikilizia wapi?"

Praygod akaonyesha spika. Ilikuwa nje ya kibanda, inamfika mtu kifuani, na muda huo ilikuwa inapiga singeli mpaka mabati yanatikisika. Mwalimu aliitazama ile spika. Nadhani alijisikia mwenyewe humo, anaimba sauti ya kwanza kwa kubana koo, stendi nzima inasikiliza. Akamshukuru Praygod, akaitia simu mfukoni, tukaondoka. Jaladani aliandika: "Fundi hafai kwa sababu za kimazingira."

Njiani nikamwambia, "Basi mpelekee Gervas. Ana kompyuta, na azisikilize, aziandike nota kabisa, mambo yaishe."

Gervas ni mpiga kinanda wetu, kijana wa Kingoni aliyesomea muziki miaka minne, anakaa Tegeta. Alipokuja miaka mitatu iliyopita alifanya kosa moja tu. Alisema, "Shikamoo Mwalimu, naomba nota za wimbo wa kuingilia ili nipige." Projestus akamjibu mbele ya watu kwamba kinanda kinafuata kwaya, kwaya haifuati kinanda. Tangu siku hiyo wamekuwa wanasalimiana kwa Tumsifu Yesu Kristo na Milele amina, basi, hakuna kinachoongezwa.

"Mama Rosalia," akasema tulipofika kona ya kwake, "wewe shona." Akaingia ndani. Wiki nzima alinitoa kwenye grupu, ikabidi sauti yangu niazime kwa jirani yangu wa sauti ya pili. Nami nikanuna. Nilimwambia Clara mumeo amezidi kujisikia, na Clara, ambaye naye ni mtu wa Bukoba, akasema sasa ndo umegundua leo?

Tungenuniana mpaka mwezi wa tano, kama si ile Jumamosi.

Alikuwa ametoka msibani Kibamba. Mie nipo barazani nakata kitambaa, nikamwona anakuja, shati limelowa, kofia mkononi. Hakubisha hodi. Alikaa kwenye ngazi.

"Umeondoka," akasema.

"Nani, Mwalimu? Nani ameondoka?"

"Wimbo."

Nikataka kumrushia mkasi. Lakini nikamwangalia usoni, nikauweka chini. Akanieleza polepole. Kule barabarani, baada ya mazishi, wimbo ulimjia wote kwa mpigo, na sauti zake nne, kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Akasimama kando, akatoa simu, akabonyeza. Simu ikasema nafasi imejaa. Akaanza kufuta picha, za ubarikio wa nani sijui, za bati za nani sijui, anafuta na anauimba kwa ndani usimtoke. Ukapita msafara wa harusi. Mbele ya msafara kuna gari la wazi, na juu yake matarumbeta, watu sita wanapuliza kwa nguvu zao zote, na jinsi foleni ilivyokuwa wakasimama palepale mbele yake robo saa. Walipoondoka, kichwani mwake mlikuwa na tarumbeta tu.

"Wimbo ulikuja ukakuta nyumba imejaa," akasema.

"Utarudi, Mwalimu."

"Haurudi. Mie najua unaorudi na usiorudi." Akaigeuzageuza simu. "Na hizi nyingine mia tatu na arobaini, mimi nikifa leo? Clara atampa mtu simu, mtu ataifuta. Itakuwa sijaimba. Maisha yangu yote, Mama Rosalia, itakuwa sijaimba hata mmoja."

Nilijisikia vibaya sana. Mie nilikuwa nacheka jalada kumbe mwenzangu anahesabu anachoacha duniani, na anakuta hakuna hata karatasi moja. Kwenye kigango kingine chochote mtu akiimba wimbo, juu ya nota kuna jina la mtunzi, na mahali, na mwaka. Za kwake hazina hata hapo juu pa kuandika jina.

"Twende kwa Gervas," nikamwambia.

"Yule kijana atanicheka."

"Acheke. Akimaliza kucheka ataandika."

Tulienda siku ya pili baada ya misa. Alibeba jalada. Gervas alitupokea kwa adabu, akatukalisha, akatuletea soda, akasikiliza maelezo kuhusu mfumo na nafasi na mwezi wa tano. Akachomeka simu kwenye kompyuta, akavaa spika za masikioni peke yake, bila kuambiwa, na hapo nikampenda. Akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Akavua.

"Mwalimu, huu uko ufunguo gani?"

Projestus akakohoa. Akafungua jalada kana kwamba jibu limo mle. Akalifunga. Akasema kwamba ufunguo unategemea na hali ya hewa, na aina ya waimbaji, na kipindi cha Kanisa.

"Hajui, Gervas," nikasema mie. "Hasomi nota. Hajawahi."

Lilinitoka tu. Mdomo wangu huu, mama yangu kule Newala alikuwaga anauombea. Projestus aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau mpaka leo, na nilitamani ardhi ipasuke. Gervas alitazama chini kidogo. Kisha akavuta daftari lenye mistari ya nota, akachonga penseli, akasema, "Basi naomba uniimbie sauti ya nne taratibu, Mwalimu. Nitaitafuta mwenyewe."

Ikawa kila Jumamosi. Kwanza zile nyimbo zote mia tatu na arobaini zilihamia kwenye kompyuta ya Gervas na kwenye flashi mbili, moja ikakaa kwangu ndani ya kopo la vifungo. Kisha wakaanza kuandika mmoja mmoja. Mie nilikuwa naenda kama shahidi, nikiwa na sindano yangu, na Gervas alishaacha kuvaa za masikioni, tunasikiliza wote. Ndipo tulipogundua kwamba Projestus huwa anaongea katikati ya wimbo. Anaimba vizuri, halafu ghafla: "Hapa besi waende polepole, wale wanaimba kama wanasukuma gari bovu." Anaendelea. "Hapa Vaileth ataomba apumzike, asipewe." Anaendelea. "Hapa Mama Rosalia ataburuta, kama kawaida yake."

"Naburuta?" nikauliza.

"Ni rekodi ya zamani," akasema.

"Ya mwezi wa pili," Gervas akasema, anaandika.

Sikumsemesha mpaka tulipofika Goba. Ila nilipofika kwangu nikaimba ule wimbo peke yangu, nikajisikiliza vizuri. Kweli naburuta.

Jumamosi ya nne, Gervas aliacha penseli katikati ya mstari. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akarudisha tena. "Mwalimu, hii sauti ya pili, jinsi inavyopita chini ya ya kwanza halafu inatokea juu, ulifundishwa na nani?"

"Hakuna mtu. Kwani imekosea?"

"Nimesomeshwa miaka minne, mie siwezi kuitunga."

Projestus akamwambia asante, mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akatoka nje kwenda kuangalia kama mvua inakuja, na siku hiyo jua lilikuwa kali vibaya.

Ya simu ni fupi. Tarehe ishirini na sita mwezi wa nne, saa nne asubuhi, mezani kwake, mbele ya Clara na mie, simu ikiwa tupu, Projestus alibonyeza "Sakinisha sasa". Alivua saa akaiweka pembeni. Clara alisali kimoyomoyo, nilimwona midomo. Ilichukua dakika ishirini na mbili. Simu ikazima, ikawaka, ikasema karibu. Kilichobadilika ni kwamba alama ya betri ilikuwa imelala, sasa imesimama. Kingine hatukukiona mpaka leo. Miezi kumi na minne ya kutafakari, kurasa kumi na tisa. Akaandika ya mwisho, "Limefungwa," akapiga sahihi, akaenda kulipanga kabatini kwenye majalada ya kiwanja na ya maji.

Jumatano iliyofuata yalikuwa mazoezi ya Pentekoste. Gervas alikuja na bunda la nakala, akagawa, kila mtu yake, ikanifikia. Juu kulikuwa na jina la wimbo. Upande wa kulia, kwa herufi ndogo: Mtunzi, P. Kaijage, Goba. Nilimwangalia Mwalimu akipokea ya kwake. Alikaa nayo muda mrefu ameinamisha kichwa. Hakuwa anasoma nota. Alikuwa ameweka kidole pale kulia juu.

Halafu akapanda kwenye kile kijukwaa chake. Mie nikajua atagonga paji la uso, atasema yale maneno yake ya karatasi. Hakusema.

"Ndugu zangu," akasema. "Wimbo huu ni wangu, lakini aliyeuandika ni Gervas. Mimi hiki kilichoandikwa hapa siwezi kukisoma. Sijawahi kujua kusoma nota. Tangu Bukoba. Nilitakiwa niwaambie zamani, nikaona aibu, samahanini."

Watu thelathini na wawili wakamkazia macho. Mikono yake ilikuwa inachezesha ile karatasi. Nikaanza kuomba kwa jina la kila mtakatifu ninayemjua, asije mtu akacheka, hasa wale wa sauti ya tatu, hawana dogo.

Mzee Albano wa besi ndiye aliyesimama. Anaumwa magoti, alisimama taratibu, akashikilia benchi.

"Mwalimu," akasema, "hilo tunalijua siku nyingi. Tupe sauti tuanze."

Akabaki amesimama. Wengine nao wakasimama, ya kwanza, ya tatu, na sie wa pili. Gervas akatoa mikono kwenye kinanda akaiweka mapajani, akamtazama Mwalimu, akisubiri apewe sauti na yeye. Projestus akafungua mdomo. Haikutoka. Akafungua tena, haikutoka, akatoa kitambaa.

Tukamsubiri.